Rozi ya Bisengimana

Evode wa Bihambwe alikuwa na neno lake kwa kila aliyekuja kumwomba tawi moja la waridi, "la kujaribu tu". Aliwaambia: kitu cha bure hakishiki mizizi. Wengi walicheka, wakashusha mfuko wa viazi au kuku mmoja, wakaondoka na mche wao. Wachache walinuna. Lakini hakuna hata mmoja aliyejua kwamba bustani yote ile, mistari yote iliyoteremka kutoka nyuma ya nyumba hadi kijitoni, ilianzia kwenye tawi moja la bure.

Aliyejua ni mke wake, Tumukunde, naye mdomo wake haukuwa na kufuli. Kila aliposikia mume wake akimpa mtu neno hilo, aliuliza kutoka jikoni:

"Na ile yako, Papa, ilishika?"

Evode alijifanya hakusikia.

Miaka kumi na miwili nyuma hakuwa mtu wa maua. Alikuwa mchuuzi wa maharage. Alipandisha maharage kwa wafugaji wa juu, akashuka na jibini. Jibini akaipeleka Shasha, kando ya ziwa, akarudi na samaki. Kila aliporudi nyumbani alikuwa na kidogo zaidi ya alichoondoka nacho, na hakuna aliyemshika mkono kumfundisha. Njia hiyo ndiyo iliyompitisha kwa Mama Libérata, mjane wa mfugaji Bisengimana, juu ya mlima unaoitazama Bihambwe. Penye lango la boma lake palikuwa na waridi ambalo Bisengimana alilipanda mwaka wa ndoa yao. Lilikuwa jekundu zito, karibu jeusi likiwa bado limefumba, na harufu yake ilimpokea mgeni kabla ya mbwa.

Evode aliliona, akaona na wateja wake papo hapo.

"Mama, unikatie tawi moja. Nakuachia kilo mbili za maharage."

"Haiuzwe."

"Tatu."

"Papa Evode, nimesema haiuzwe. Unaitaka, ao unataka tu kushindana na miye?"

"Naitaka."

"Basi nitakupa. Lakini nitakupa sawa vile sisi tunapana ng'ombe."

Akamwita shemeji yake, Rukara, mdogo wa marehemu, asimame awe shahidi. Akakata tawi kwa kisu, akamtia Evode mkononi, kisha akampa maziwa katika chombo cha mti.

"Ikizala," akasema, "mutoto wa kwanza anarudi huku. Benye watafuata, bote njo bako weye."

"Atarudi," Evode akasema, akanywa.

Kwa watu wa ng'ombe maneno hayo si mchezo. Ng'ombe wa kupewa huzifunga nyumba mbili mpaka ndama wa kwanza arudi alikotoka mama yake, na anayemla ndama huyo jina lake halina tena pa kukaa. Evode alizaliwa kwa wakulima, lakini katika Masisi hakuna mtu asiyejua jambo hilo. Alilijua vizuri. Ila alipokuwa akishuka mlima alijiambia kwamba ua si ng'ombe, na kwamba amepata bure kitu ambacho angekinunua hata kwa kilo nne.

Tawi lilishika. Alikwenda kwa mzee mmoja aliyetunza bustani ya masista, akamsaidia kulima wiki tatu, malipo yakiwa kufundishwa kupandikiza. Unachukua waridi jeupe la porini, lile la kwenye nyua za mashamba, ambalo haliogopi baridi wala ugonjwa. Unalichanja ngozi chini ya shina, unaingiza jicho moja, yaani chipukizi, la waridi zuri, unafunga kwa ukanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Baada ya wiki sita unakata ule ukanda, la sivyo mti unaumeza. Hivyo tawi moja lenye macho kumi huzaa miti kumi. Mtu wa maharage hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Mtoto wa kwanza, aliyepandwa katika ndoo, alitoa ua katika mwaka wa pili, mwezi wa tatu, mvua ikiwa nzuri. Wiki hiyohiyo mtu mmoja akaja na gari kutoka Goma, anatafuta maua ya hoteli. Akaipita mistari yote, akasimama mbele ya ndoo ile, akakataa kutazama nyingine. Evode akalitazama ua, akautazama mlima. Akauza. Alijiambia wa pili ndiye atakayepanda juu. Wa pili akaenda Sake, kwenye harusi. Alipofika wa tatu, Evode alikuwa ameacha kujiambia.

Na kwa kuwa wateja wanapenda kitu chenye jina, akalipa jina. Aliliita Rozi ya Evode, akaliandika kwenye kibao.

Kisha vita vikapanda milima ile. Libérata na watu wake wakakimbilia Mweso, ng'ombe wakatawanyika, lango likawa kuni na waridi la langoni likaenda nalo. Habari hizo zilimfikia Evode akiwa anapalilia. Alisema pole kama watu wote. Lakini moyoni, na hilo hakumwambia hata Tumukunde, alihisi mzigo umeshuka, kama mtu aliyesikia kwamba anayemdai amehama.

Libérata alirudi mwaka uliopita, mwezi wa saba.

Mwezi wa saba ni mwezi mbaya kwa muuza maua. Mvua imekwisha tangu mwezi wa tano, ardhi inapasuka, na waridi linataka kuachwa lilale. Viazi vya maua ya dalia vinang'olewa na kulazwa katika kapu la majivu chini ya kitanda. Hakuna cha kukata na hakuna cha kupanda. Matawi ya kupanda yanangoja mvua ya mwezi wa tisa. Anayejua kazi hunoa kisu, hutafuta mipira ya baiskeli iliyokufa, na hungoja mwezi wa nane aanze kupunguza matawi. Bustani ya Evode siku ile haikuwa na ua hata moja jekundu, ilikuwa na majani matupu. Na majani ya waridi yote yanafanana kwa mtu asiyeyafanyia kazi.

Wanawake wawili wa ushirika wa parokia walikuwa wamesimama wakibishana naye juu ya dalia, mara Mama Libérata akaingia na fimbo yake. Alikuwa amekonda, lakini alitembea vilevile, kama mtu anayetangulia ng'ombe.

"Papa Evode, jambo."

"Jambo sana, Mama. Mumerudi?"

"Tumerudi. Na Rukara, na ng'ombe tatu." Akatazama mistari. "Ile ng'ombe yangu nilikupa, ilizala?"

Mdomo wa mchuuzi hujibu kabla mwenye mdomo hajafika. Wale wanawake wawili walikuwa wamegeuza shingo. Evode akasikia sauti yake mwenyewe ikisema:

"Ilikufa, Mama."

"Lini?"

"Mwaka ule ule. Jua liliichoma."

"Na hizi zote?"

"Hizi zilitoka Goma."

Libérata akashika jani moja kati ya vidole viwili, akaliachia.

"Pole sana. Na haukutuma hata muntu atuambie. Ulipata haya?"

"Ndiyo, Mama," Evode akasema. "Nilipata haya."

Katika yote aliyomwambia siku ile, hilo peke yake lilikuwa kweli.

Alidhani yamekwisha. Baada ya wiki mbili mama akarudi, amebeba kitu kilichoviringishwa katika maganda ya mgomba yaliyoloweshwa. Alikifungua juu ya meza ya wateja. Matawi manne ya waridi, unene wa kalamu, yenye afya.

"Wakati tulikimbia, nilivunja kipande kwa mulango," akasema. "Nilikipanda Mweso, kwa bakwe yangu. Sasa nimeutoa muti wote, nimeuleta na pikipiki, nimeupanda juu ya kaburi ya Bisengimana. Na hii ni yako."

"Yangu kwa nini, Mama?"

"Unauliza kwa nini? Muntu ng'ombe yake ikikufa, wenzake banamushumbusha. Banamupa ingine, asibakie mikono mitupu. Wewe ni muntu wa huku, unajua."

Evode alijua. Ng'ombe wa kushumbusha hutolewa kwa huruma, na wala hamna mtoto anayedaiwa kurudi. Akauliza kitu kingine, kwa sababu jicho lake la kazi lilikuwa limeshahesabu.

"Ule muti ulikuwa na matawi ngapi?"

"Tano. Ine yako, moja yake."

"Mama, huu si wakati wa kukata. Na muti umetoka safari."

"Na ng'ombe, inakufaka kwa wakati?" Akacheka kidogo, akamgusa bega. "Rozi moja si kundi. Ikikaa kwa nyumba mbili, hata vita ikirudi, moja itapona."

Akaondoka na fimbo yake. Evode akabaki na matawi manne mbele yake. Mti uliong'olewa katika kiangazi, ukabebwa na pikipiki kutoka Mweso, ukaachiwa tawi moja: hakuna fundi ambaye angeupa hata wiki sita. Mama alikuwa ameukatakata mti wa kaburi la mume wake ili amfariji mtu kwa kifo ambacho hakikutokea.

Tumukunde alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, anafuta mikono.

"Mufuate umuambie."

"Nimuambie nini?"

"Sasa miye njo unauliza bei?"

Hakumfuata. Aliyachimbia yale matawi manne katika mchanga penye kivuli, akayafunika, akayanyunyizia maji asubuhi na jioni kama mgonjwa. Kisha akaanza kupanda mlima na jerikani. Alisema anakwenda kutazama mashamba. Rukara alimkuta siku ya tatu pale kaburini, amechutama anamwagia mti maji kidogo kidogo.

"Papa Evode," Rukara akasema, "leo unagawa maji ya bure? Nitaambia nani, anisadiki?"

"Ni rozi tu, inataka maji."

"Ee. Na wewe unataka nini?"

Evode akacheka, naye Rukara akacheka, wakaachana.

Maji hayakusaidia. Tawi lile moja lilianza kuwa jeusi kutoka juu, likashuka na weusi wake. Mwisho wa mwezi wa nane Evode alilikwaruza kwa ukucha hadi chini kabisa. Chini ya ngozi palikuwa pakavu, rangi ya tumbaku. Libérata alikuwa nyuma yake.

"Imelala," akasema. "Mvua itaiamsha."

Hapo ndipo angesema. Neno lilikuwa fupi, na hapakuwa na mtu mwingine. Lakini mtu aliyeishi kwa kubadilishana vitu, akivunja kitu cha mtu, hafikirii kusema. Anafikiria atakirudisha na kingine kinachofanana. Jumapili ya kwanza ya mvua, Bihambwe yote ikiwa misani, Evode alipanda mlima na gunia. Ndani yake mlikuwa na mti wa miaka miwili, mtoto wa watoto wa lile tawi la kwanza. Aliukata ukabaki tawi moja, akaulinganisha na ule mkavu kwa kiganja. Akaung'oa ule wa Mweso, akaupanda wake palepale, akafukia shingo yote kwa udongo ili fundo la kupandikiza lisionekane. Msalaba wa mti wenye jina la Bisengimana ulikuwa mbele ya uso wake muda wote huo. Hakuutazama. Walioshuhudia walikuwa ng'ombe watatu, na mmoja aliacha kutafuna. Evode alishuka na mti uliokufa ndani ya gunia, akapita nyuma ya nyumba za watu kama mwizi wa kuku, yeye ambaye hakuwahi kuiba kitu cha mtu, kama alivyopenda kusema.

Mwezi wa kumi mti ukachipua. Libérata aliwaambia watu wote, kutoka kisimani mpaka kanisani. "Bisengimana amekubali turudi," alisema. Akamwalika Evode nyumbani, yeye aliyemwagia maji, akampa maziwa. Evode akanywa. Akaalikwa tena, akanywa. Mara ya tatu alisema tumbo linamsumbua, na mama akamwambia basi ndiyo sababu zaidi ya kunywa. Hakuna kitu alichowahi kumeza kigumu kama maziwa yale laini.

Ikafika siku ya wafu, mwanzo wa mwezi wa kumi na moja. Baada ya misa, jamaa na majirani walipanda kupalilia makaburi. Waridi lilikuwa na maua matatu, jekundu lile zito, na watu walisimama wakinusa. Evode alisimama nyuma kabisa. Mvua za mlimani zina tabia yake: hazinyweshi tu, zinachukua. Wiki nane za mvua zilikuwa zimeosha udongo aliourundika, na shingo ya mti ilikuwa wazi.

Libérata alipiga magoti kung'oa majani. Mkono wake ukasimama.

"Rukara, lete kisu."

Akachokoa polepole. Palikuwa na fundo, kama goti lililovimba, na ndani ya ngozi ya mti ukanda mweusi ambao mtu alisahau kuukata katika wiki ya sita. Mti ulikuwa umeanza kuumeza. Akauvuta, akauweka kwenye kiganja, akauonyesha.

"Hii ni mupira ya kinga," akasema. Kinga ndiyo baiskeli huko.

Bihambwe nzima ilijua ni nani anayepita kwa mafundi wa baiskeli kuokota mipira iliyokufa. Hakuna aliyegeuka mara moja. Waligeuka mmoja mmoja, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Evode," Libérata akasema. Hakusema Papa. "Huu muti umetoka wapi?"

"Kwangu, Mama."

"Ile yako ilikufa."

"Haikukufa."

"Ilizala?"

"Ilizala."

"Bangapi?"

"Sikuhesabu," Evode akasema, kisha akaona kwamba huo nao ni uongo, na kila mtu pale alijua kwamba Evode huhesabu hata misumari. "Mia tatu na zaidi."

Mtu mmoja alikohoa. Libérata alikuwa bado amepiga magoti.

"Na ule wa kwanza, ako wapi?"

"Goma. Kwa hoteli."

"Basi kaka yangu njo analala hoteli," Rukara akasema, "na siye hapa tunamuimbia kwa matope."

Watu wakacheka, si kwa furaha, na kicheko kikakatika haraka. Evode alitazama viatu vyake. Alikuwa amevaa vile vya misa.

"Na ule wa Mweso?" mama akauliza, kwa sauti ya chini, kana kwamba hilo ndilo alilotaka kulijua tangu mwanzo. "Ule nilibeba miye?"

"Ulikauka mwezi wa nane. Haukuwa na nguvu. Yale matawi ine…"

Libérata hakulia. Alishika udongo kwa mikono miwili, akaufukia ule mti shingo yake vizuri, kama mtu anayemfunika mtoto asiye wake kwa sababu usiku una baridi.

"Uache," akamwambia Rukara, ambaye tayari alikuwa ameshika jembe. "Si kosa yake. Ni mujukuu."

Nyumbani kwa Libérata, baadaye, watu walikaa na chombo cha maziwa kikazunguka. Evode alitaka kushuka, lakini kuondoka kabla ya kinywaji ni tusi la pili, akakaa karibu na mlango. Kilipokaribia kwake, Libérata mwenyewe alisimama, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha plastiki. Kilikuwa na maji. Alimpa kwa mikono miwili, kwa heshima yote. Mgeni anayepewa maji pale wengine wanapokunywa maziwa hahitaji kufafanuliwa.

Evode aliyanywa yote.

"Mama," akasema, "yale matawi ine. Mbili zilishika. Nitazileta kesho, zote mbili."

"Hapana."

"Ni zako."

"Nilikupa. Kitu ya kushumbusha hairudi. Hizo njo zako."

Evode alishuka mlima akiwa amelielewa vizuri pigo lile, kwa sababu lilikuwa la lugha yake. Deni linalolipika ni jepesi. Yeye alikuwa amekuja na malipo mkononi, na mwenye mali amekataa kutaja bei.

Hakuacha kuuza waridi. Watoto wanakula, na maua yanataka kukatwa, aibu iwepo au isiwepo. Ila alitoa kibao cha Rozi ya Evode, akaandika kingine: Rozi ya Bisengimana. Wateja wa zamani waliuliza, na akawaambia ilitoka kwa nani, na wengine waliokwisha kusikia habari zote walimwacha aeleze hadi mwisho, wakimtazama usoni.

Ile miwili ya kushumbusha ipo mlangoni, imesimama kwa mizizi yake yenyewe, haina fundo. Mwaka huu mwezi wa tatu ilitoa maua. Mteja mmoja wa Sake aliizunguka mara mbili.

"Na hizi, bei gani?"

"Haziuzwe."

"Papa Evode, kila kitu iko na bei. Njo weye ulinifundisha."

"Chagua kwa ule mustari."

"Unapandisha tu. Sema."

Tumukunde alichungulia kutoka jikoni, akangoja. Evode alichukua kisu akaenda kukata mayungiyungi ambayo hakuna mtu aliyeyaagiza.

Mwezi wa nne, tawi alilolikata kutoka kwa ile miwili lilishika mizizi. Hakuna aliyelidai. Alilipandisha mlimani katika kopo la mafuta, akalisimamisha mbele ya Mama Libérata, akamwambia ni la langoni, kama lile la zamani. Mama aliligeuza, akachunguza shingo yake kwa kidole hadi chini. Palikuwa laini. Akamwita Rukara achimbe shimo.

Kisha akamkaribisha Evode kukaa, akaingia ndani, akamletea maji.